Asteroidi ya ukanda mkuu iitwe Mirambo: utaratibu halisi ukoje?

Mlezi_Klabu (Tabora)

Wakuu, mwangaluka.

Klabu ya sayansi ya sekondari moja hapa Tabora mjini imekuja na hoja kwamba iwepo asteroidi inayoitwa Mirambo. Hawataki jiwe maarufu. Hata kadogo ka kilomita mbili tatu kwenye ukanda mkuu, kule kati ya Mirihi na Mshtarii, kanawatosha. Wameshaona kwenye orodha kwamba Tanga ipo, Ruvuma ipo, Pemba ipo, Kenya na Uganda zipo, sasa wanauliza Unyamwezi imekosa nini.

Naomba wanaolifahamu jambo hili watueleze kwa undani. Nani hasa anatoa jina? Kwenye grupu la wazazi imetumwa tovuti ambayo unalipia na kupewa cheti chenye jina ulilochagua. Ni kweli au utapeli? Halafu Mirambo alikuwa mtemi na mpiganaji, na nimesikia majina ya wanasiasa na wanajeshi hayapiti. Mwisho, wanafunzi wanaweza kuigundua asteroidi wenyewe? Kompyuta za Windows tunazo chache, darubini hatuna.

---

Mwisho_wa_Reli (Kigoma)

Salamu kutoka mwisho wa reli, mwalimu.

Naanza na tovuti ili wazazi wasitoe hela. Jina la asteroidi haliuzwi, na hakuna wakala. Majina yanapitishwa na kikundi kazi kimoja tu cha Umoja wa Kimataifa wa Astronomia (IAU), kifupi chake WGSBN, na yakishapita yanatangazwa kwenye jarida lao ambalo yeyote anaweza kulisoma mtandaoni bure. Kabla ya 2021 yalikuwa yanatangazwa kwenye taarifa za MPC, kile kituo cha Cambridge, Massachusetts, kinachokusanya vipimo vyote vya sayari ndogo duniani. Cheti cha kununua kinaandikwa kwenye daftari la muuzaji na kinaishia humohumo. Wanaouza majina ya nyota ni biashara ileile.

Sasa mlolongo wenyewe. Wengi wanadhani jina linatangulia, kumbe ndilo la mwisho kabisa. Kwanza jiwe lionekane, na lionekane tena usiku mwingine. MPC wanalipatia jina la muda. Linafuatiliwa miaka kadhaa mpaka njia yake kuzunguka Jua ijulikane vizuri kiasi kwamba haliwezi tena kupotea. Hapo ndipo linapata namba ya kudumu. Namba ikishatoka, mgunduzi anapata haki ya kupendekeza jina, na haki hiyo anakaa nayo miaka 10. Namba zilizotolewa hadi sasa zimepita laki saba, ilhali zenye majina hazijafika elfu thelathini. Kwa hiyo mawe yasiyo na jina yamejaa tele. Walio wachache ni wenye haki ya kupendekeza.

Chukua hizo hizo Tanga na Ruvuma. Zote ziligunduliwa Johannesburg, kwenye kituo kilichokuwa kinaitwa Union Observatory. Tanga ilionekana 19 Juni 1930, wagunduzi ni Cyril Jackson na Harry Edwin Wood. Ruvuma ilionekana 16 Mei 1937, Jackson peke yake. Lakini tazama namba: Ruvuma ni 1427, Tanga ni 1595. Iliyotangulia kuonekana kwa miaka karibu saba ndiyo yenye namba kubwa zaidi, maana namba inafuata uhakika wa njia, haifuati tarehe ya kuonekana. Ndivyo ilivyokuwa kwa Nyanza na Ruanda pia: zote zina tarehe ya 3 Mei 1935, ila Nyanza ni 1356 na Ruanda ni 1638.

Jackson alikuwa mzaliwa wa Yorkshire, Uingereza, na anatambuliwa kwa asteroidi 72. Majina mengi aliyachukua kwenye ramani ya Afrika: Africa (1193), Kenya (1278), Uganda (1279), Mombasa (1428), Pemba (1429), Somalia (1430), Ethiopia (1432), Tana (1641) kwa ule mto wa Kenya. Hakuna wilaya wala mkoa uliopeleka maombi. Mwenye haki alichagua alichokipenda, na kwa sehemu kubwa mambo bado yako hivyo. Unyamwezi haikunyimwa kitu, mwalimu. Haikuwa na mtu wake mezani.

Kuhusu Mirambo: hujasikia vibaya, ila kanuni hiyo haikomei hapo. Mtu au tukio linalojulikana hasa kwa siasa au vita lazima lisubiri miaka 100, ikihesabiwa tangu mtu afariki au tukio litokee. Mirambo alifariki Desemba 1884, kizuizi chake kiliisha 1984. Isike wa Unyanyembe, aliyekufa 1893 akipambana na Wajerumani, naye ameshavuka. Vita vya Maji Maji vimevuka. Nyerere, pamoja na kusoma hapo hapo Tabora, hawezi kabla ya 2099, kwani alifariki 1999. Kwa hiyo hoja ya wanafunzi inasimama.

Masharti mengine ni haya. Jina lisizidi herufi 16, na nafasi na alama nazo zinahesabiwa. Neno moja linapendelewa. Litamkike, lisiwe la matusi, lisifanane mno na jina la asteroidi nyingine au la mwezi wa sayari yoyote. Biashara na bidhaa haziruhusiwi. Majina ya wanyama wa kufugwa yanakatishwa tamaa, na chanzo chake kinajulikana: asteroidi 2309 iliyogunduliwa 1971 na James Gibson inaitwa Mr. Spock, na aliyepewa heshima ni paka wake.

Mkikuta kwenye orodha mambo yanayopingana na masharti haya, kwa mfano asteroidi 52 inaitwa Europa sawasawa na mwezi wa Mshtarii, msiitumie kama hoja. Hiyo ni ya 1858, masharti ya leo hayakuwepo.

---

Fits_Nzega

Nijibu la wanafunzi kugundua, maana ndilo lenye kazi.

Darubini hamhitaji. Kuna mradi unaitwa IASC, makao yake ni Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons kule Texas, Marekani. Unaandikisha timu bure, unapangiwa kampeni ya kama mwezi mmoja, mnatumiwa picha halisi za anga zilizopigwa na darubini za utafiti, hasa Pan-STARRS iliyopo Haleakala, Hawaii, yenye kioo cha mita 1.8. Mvua ya Desemba hapo Tabora haiwahusu. Kinachowahusu ni umeme na bando.

Picha zinakuja kwa seti ya nne nne, za kipande kilekile cha anga, zimepishana kwa dakika kadhaa ndani ya kama saa moja hivi. Ni mafaili ya FITS, muundo wa picha unaotumiwa na wanaastronomia, si mepesi kama picha za WhatsApp, kwa hiyo pakueni kabla ya kipindi, msisubiri watoto wameshakaa. Programu ni Astrometrica. Inakaa kwenye Windows tu, kwenye simu haipo.

Mtiririko wa kazi: fungua faili la mpangilio mliotumiwa kwa kampeni yenu (lina msimbo wa kituo, kwa Pan-STARRS ya kwanza ni F51, na vipimo vya kamera). Pakia picha nne kwa mpangilio wa saa. Iambie programu ilinganishe nyota za pichani na orodha ya nyota ya Gaia. Ikimaliza, kila nukta pichani inakuwa na anwani yake angani. Kisha picha zichezeshwe moja baada ya nyingine kwa mzunguko. Nyota zinatulia, kinachotembea ndicho unachokitaka. Bofya juu yake katika kila picha, kidirisha kinafunguka, weka alama ya utambulisho ya muda ya timu isiyozidi herufi saba, kubali. Ripoti inajiandika yenyewe kwa muundo wa MPC.

Yanayoharibika sasa.

La kwanza ni mtandao. Orodha ya Gaia haikai ndani ya kompyuta, inavutwa mtandaoni kila unapofanya ulinganisho. Mtandao ukikatika katikati, programu inakosa nyota za rejea na watu wanaanza kulaumu picha.

La pili ni faili la MPCORB, ile orodha ya njia za asteroidi zote zinazojulikana. Ni zaidi ya MB 200 likiwa limefunguliwa, na linatakiwa liwe jipya. Likiwa la miezi mingi nyuma, asteroidi zilizokwisha kujulikana zinatokea bila alama na wanafunzi wanashangilia "mpya" ambayo ina jina tangu zamani. Lisasisheni mwanzoni mwa kampeni, kwenye kompyuta moja, kisha linakilini kwa flashi kwenda nyingine.

La tatu ndilo kubwa: nukta za uongo. Kamera ina pikseli mbovu zinazong'aa daima, na miale ya angani inayoacha doa kwenye picha moja. Kamera ya Pan-STARRS imeungwa kwa vipande vingi, na kwenye maungio pamejaa uchafu wa namna hiyo. Picha zinapopangwa nyota juu ya nyota, pikseli mbovu nazo zinaonekana kama zinahama, hata kwa mstari! Msiangalie mwendo peke yake. Fungueni kidirisha msome namba. Kitu halisi kina upana unaokaribiana na wa nyota jirani. Pikseli mbovu ni nyembamba, mkuki mtupu. Mng'ao wake usirukeruke kutoka picha moja hadi nyingine. Nguvu ya ishara dhidi ya kelele ikiwa chini ya 3, achaneni nacho. Kuanzia 5 kinaongeleka. Hatua zake ziwiane na dakika zilizopita: kama kati ya picha ya kwanza na ya pili kimeenda hatua fulani, na muda wa kwenda ya tatu ni uleule, hatua iwe ileile na upande uleule.

Kwa ukanda mkuu, kitu kilicho upande wa anga ulio kinyume na Jua kinatembea takriban sekunde za tao (kipimo kidogo cha pembe angani) 30 hadi 40 kwa saa. Mwezi mpevu una upana wa kama sekunde za tao 1,800, kwa hiyo asteroidi ya kawaida inahitaji kama siku mbili hivi kuvuka upana huo. Mkiona kinachokimbia mara kumi ya hapo, ama kiko karibu na Dunia, ama mmebofya vitu viwili tofauti. Mara nyingi ni la pili.

---

Ujiji_Kwanza

Mimi naona wanafunzi waachane na Mirambo, watu wa vita watasumbua kamati. Chukueni kitu cha kijiografia kama Jackson. Hata sisi Kigoma tunawaza kupeleka "Hifadhi ya Mahale". Na kwa IASC ndani ya mwaka mmoja mnaweza kuwa na jina.

---

Mwisho_wa_Reli (Kigoma)

Jirani yangu wa Ujiji, mambo mawili hapo siyo.

"Hifadhi ya Mahale" hesabu mwenyewe: 7, nafasi 1, 2, nafasi 1, 6. Jumla 17. Imepitiliza kwa moja. "Hifadhi ya Gombe" inagota 16 kamili. Lakini hata ikiingia, kwa nini ubebe maneno matatu wakati "Mahale" peke yake inasema yote? Malagarasi herufi 10, Tanganyika 10, Ujiji 5. Na hakuna kanuni inayoipa jiografia kipaumbele juu ya mtemi aliyekwisha kuvuka miaka 100. Lililopo ni kwamba jiografia haiulizwi swali la siasa.

Pili, mwaka mmoja. Hapana, na msiwaahidi watoto hivyo. Ili asteroidi ipewe namba, kwa kawaida inatakiwa iwe imeonekana katika misimu minne au zaidi. Msimu ni pale Dunia inapopita katikati ya Jua na jiwe lenyewe; ndipo linapong'aa zaidi na kuonekana usiku kucha. Kwa ukanda mkuu msimu mmoja na mwingine vinapishana miezi 14 hadi 17, kutegemea jiwe liko sehemu ya ndani au ya nje ya ukanda. Misimu minne ina mapengo matatu, kwa hiyo hata bahati ikikubali ni miaka mitatu na nusu hadi minne na ushee. Kwa uhalisia inaenda sita, kumi, zaidi. Msimu ukianguka mbele ya Njia Nyeupe, ambako nyota zimebanana, jiwe hafifu linapotelea humo na msimu umeliwa.

Kinachoweza kufupisha ni picha za zamani. Njia ikishajulikana kidogo, MPC na watafiti wanarudi kwenye picha za miaka ya nyuma kuona kama jiwe lilishapita pale bila kutambuliwa. Likipatikana, miaka inajijaza yenyewe. Msiogope kwamba picha hizo zitawanyang'anya ugunduzi: kwa kanuni ya tangu 2010, mgunduzi anatafutwa ndani ya msimu ule ambao jiwe liliripotiwa kwa mara ya kwanza likiwa na usiku wa pili. Aliyelipiga picha usiku mmoja miaka ya nyuma bila kuendelea hahesabiwi.

Kwa nini misimu yote hiyo? Mwezi mmoja wa vipimo unachora kipande kifupi mno cha mzingo ambao jiwe linauzunguka kwa miaka mitatu hadi sita. Kosa dogo la kasi linaongezeka kila mwezi, na baada ya msimu mmoja hujui uelekeze darubini wapi. Kwenye hifadhidata kuna alama ya U kutoka 0 hadi 9 inayopima hilo: 0 ni njia ya uhakika, 9 ni kubahatisha. Jiwe la timu yenu litaanza juu huko. Fuatilieni hiyo alama ikishuka mwaka hadi mwaka, inafundisha kuliko cheti.

---

Mlezi_Klabu (Tabora)

Nashukuru sana wakuu. Maswali ya nyongeza. Miaka sita hadi kumi maana yake hawa wa kidato cha pili watakuwa wameshamaliza chuo. Hakuna njia fupi ya halali? Na hayo majina ya muda yanasomwaje, wanafunzi wameona 1937 KB na 1930 ME wakabaki wanakisia.

---

Kaliua_Usiku

La majina ya muda ni jepesi na linafaa kuwa zoezi la darasani.

Mwaka ni mwaka wa kuonekana. Herufi ya kwanza ni nusu ya mwezi: A ni 1 hadi 15 Januari, B ni 16 hadi mwisho wa Januari, C ni nusu ya kwanza ya Februari, mnakwenda hivyo mpaka Y, nusu ya pili ya Desemba. I inarukwa kwa sababu inafanana na 1, na Z haitumiki, zinabaki 24. Herufi ya pili ni zamu ndani ya nusu hiyo, A ya kwanza, B ya pili, hadi Z ambayo ni ya 25, I ikirukwa tena. Zikiisha mnazunguka upya na kuweka namba 1, kisha 2, na kuendelea.

Kwa hiyo 1937 KB: K ni nusu ya pili ya Mei, B ni ya pili. Ndiyo Ruvuma, 16 Mei. 1930 ME: M ni nusu ya pili ya Juni, E ni ya tano. Ndiyo Tanga. Kenya ni 1933 LA na Uganda ni 1933 LB, zote za 15 Juni 1933. Nusu ya mwezi inaisha siku hiyo na ndiyo kwanza wanaandika A na B. Leo nusu moja ya mwezi inazungusha alfabeti mara nyingi ajabu. Apophis ilianza kama 2004 MN4: N ni ya 13, namba 4 ni mizunguko minne ya 25, yaani 100, jumla ni ya 113 katika nusu ya pili ya Juni 2004. (Apophis si ya ukanda mkuu, nimeitumia kwa hesabu tu.)

Mtego upo kwenye saa. MPC wanatumia saa ya dunia, UT, sisi tuko mbele kwa saa tatu, na siku inaandikwa kwa desimali. Saa tatu usiku Tabora tarehe 15 Oktoba ni 18:00 UT, yaani Oktoba 15.75. Saa nane usiku huohuo kwenu kalenda imeshageuka kuwa 16 Oktoba, lakini UT bado ni 23:00 ya tarehe 15, yaani 15.95833. Kwa hiyo herufi itakuwa T na siyo U. Picha za IASC zinakuja na saa ya UT ndani ya faili lenyewe, msiiguse. Saa ya kompyuta ya shule ikiwa imekosewa haina madhara hapo, ila siku mkipata kamera yenu wenyewe, saa ikipotoka dakika moja tu kitu cha ukanda mkuu kinakosewa nusu sekunde ya tao na zaidi kidogo, na hiyo MPC wanaiona.

---

Fits_Nzega

Njia fupi ipo, mwalimu, na ni ya adabu: kumwomba mwenye haki.

Miradi mikubwa imegundua maelfu ya asteroidi zilizokwisha kupewa namba na hazina majina. Mgunduzi au mradi hauruhusiwi kupendekeza zaidi ya majina mawili kila miezi miwili, kwa hiyo foleni ni ndefu, lakini maombi yenye uzito yanasikilizwa. Mfano wa karibu nasi ni 23182 Siyaxuza. Jiwe liligunduliwa na mradi wa LINEAR wa Maabara ya Lincoln ya MIT, na jina likatokana na Siyabulela Xuza, kijana wa Afrika Kusini aliyeng'ara kwenye mashindano ya sayansi ya ISEF mwaka 2007 kwa kazi yake ya fueli ya roketi. Jina lake zima lina herufi 15 na nafasi, lingeingia, ila walilibana likawa neno moja. Anatokea Mthatha, na mji huo nao upo angani tangu zamani kwa maandishi ya kale: 1397 Umtata, kazi ya Jackson yuleyule.

Namna ya kufanya: ingia kwenye hifadhidata ya MPC au ile ya JPL, maabara ya NASA, andika "Mirambo" uone kama limeshachukuliwa, halafu jaribu na maumbo yanayokaribiana. Tafuta asteroidi ya ukanda mkuu yenye namba, isiyo na jina, ambayo miaka 10 ya mgunduzi haijaisha. Hakikisha kweli ni ya ukanda mkuu, kwa sababu zinazopita karibu na Dunia zinapewa majina ya visasili, na zile zinazoandamana na Mshtarii kwenye njia yake zina utaratibu wake wa mashujaa wa Vita vya Troya (na kwa zile ndogo, wanamichezo wa Olimpiki). Mirambo kule hana nafasi hata akiwa na sifa zote. Kisha andika barua moja kwa mradi mmoja. Ukiwaandikia sita kwa pamoja na wawili wakakubali, mmoja umempotezea nafasi yake ya miezi miwili.

Barua iwe na jina, namna linavyotamkwa, mwaka wa kufariki (muhimu kwa Mirambo, msiwaache watafute), na maelezo mafupi yatakayochapwa pamoja na jina. Wakati wa kupeleka itabidi yawe kwa Kiingereza. Kwa maana yake yawe hivi:

"Mirambo (alifariki 1884) alikuwa mtemi wa Wanyamwezi aliyeunganisha temi nyingi za magharibi mwa Tanzania ya leo na kujenga makao yake Urambo."

Basi. Msiongeze kwamba klabu yenu imeomba, wala jina la shule, wala la mfadhili aliyewapa kompyuta. Maelezo ni ya mwenye jina.

---

Mlezi_Klabu (Tabora)

Wanapendelea "Mtemi Mirambo". Nimehesabu ni 13.

---

Mwisho_wa_Reli (Kigoma)

Inaenea, lakini cheo kitaingia kwenye maelezo. "Mirambo" peke yake ni fupi na inatamkika hata na asiyejua Kiswahili.

Ushauri wangu: fanyeni yote mawili kwa pamoja. Barua iende mwaka huu, na kampeni ya IASC muiandikishe. Kabla ya kujaza fomu someni sharti la IASC kuhusu timu inavyotajwa pale jiwe linapopewa namba, na majina ya wanafunzi yaandikwe kwa tahajia ileile ya vyeti vyao vya shule, kwa sababu rekodi hiyo itafunguliwa baada ya miaka mingi na mlezi mwingine. Wekeni nakala ya kila ripoti mliyotuma, pamoja na alama ya muda mliyoipa kila nukta, kwenye barua pepe ya klabu na siyo ya mwalimu binafsi. Alama hiyo ndiyo itakayowaunganisha na jina la muda la MPC. Ikipotea, hamtajua jiwe lenu ni lipi kati ya yote ya nusu mwezi ule.

---

Ujiji_Kwanza

Nimekubali kuhusu Mahale. Ila mkipata mradi unaokubali majina mawili kwa miezi miwili, Mirambo likichukua moja, jingine mtukumbuke.